Mawe yenye majina: watu wa Mostar na makaburi yaliyobaki bila mwenyewe



Tunapopita karibu na makaburi ya zamani katika parokia zetu za mashariki, swali moja linarudi kila mara: ni nani anayepaswa kuyatunza? Familia nyingine zilihama kwa sababu ya vita, nyingine zilikwisha. Serikali inasema haina pesa. Kanisa linaona si kazi yake, na kartie nayo inaona vilevile. Majani yanaota, mawe yanachukuliwa kujengea misingi ya nyumba, na baada ya miaka makumi mawili hakuna tena mtu anayeweza kusema ni nani amelala pale.

Leo tunapenda kueleza jinsi watu wa mji mmoja wa Ulaya wanavyojaribu kujibu swali hilo. Mji huo ni Mostar, kando ya mto Neretva, katika nchi ya Bosnia-Herzegovina. Pale kuna makaburi makubwa ya ukumbusho yaliyojengwa na serikali ya kisoshalisti kwa ajili ya watu wa mji waliokufa katika Vita vya Pili vya Dunia. Serikali hiyo haipo tena. Hata nchi iliyoyajenga haipo tena kwenye ramani. Lakini majina ya wafu yalibaki, na kuna wakaaji wa mji waliokataa yapotee.

Tumechagua habari hii kwa sababu Mostar, kama miji yetu mingi, ni mji uliopasuliwa na vita, mahali ambapo jirani alianza kumwogopa jirani. Tumeichagua pia kwa sababu kazi yao haijafanikiwa kabisa. Kazi ambayo bado inapigwa vita inaweza kutufundisha zaidi kuliko ile iliyokwisha vizuri.

Nchi iliyoitwa Yugoslavia

Wazee wetu wanalikumbuka jina la Yugoslavia na la kiongozi wake, Marshali Tito. Mwezi wa Septemba 1961 mji mkuu wake, Belgrade, ulipokea mkutano wa kwanza wa nchi zisizofungamana na upande wowote, na Kongo yetu ilikuwa na wajumbe pale. Mjini Belgrade kuna hata nyumba ya wanafunzi iliyopewa jina la Patrice Lumumba.

Ili kuelewa makaburi ya Mostar tunapaswa kurudi nyuma miaka makumi mawili. Mwezi wa Aprili 1941 majeshi ya Ujerumani, Italia na wenzao yaliivamia Yugoslavia na kuigawanya. Sehemu ya Bosnia-Herzegovina iliwekwa chini ya dola jipya la Kroatia lililoshirikiana na Hitler. Waliolitawala waliitwa Waustasha. Waliwaua Waserbia, Wayahudi na Waroma kwa wingi, pamoja na Wakroatia na Waislamu waliowapinga. Dhidi yao na dhidi ya wavamizi walisimama wapiganaji wa msituni walioitwa Wapartizani. Kiongozi wao alikuwa Tito na chama chake kilikuwa cha Kikomunisti. Jambo lililowatofautisha na makundi mengine ya wakati ule ni kwamba walipokea watu wa kila kabila na kila dini. Vita vilipokwisha mwaka 1945, watu wapatao milioni moja wa nchi hiyo walikuwa wamekufa.

Serikali mpya ilijenga kumbukumbu za vita kwa maelfu. Nyingine zilikuwa kibao kidogo tu kwenye ukuta wa shule. Nyingine zilikuwa majengo makubwa ya beto na chuma juu ya milima. Zilikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kuomboleza, kwa sababu karibu kila familia ilikuwa na mtu wake aliyekufa. Ya pili ilikuwa siasa: kufundisha kwamba makabila yote yalipigana pamoja, na kwamba chama ndicho kilichowaunganisha. Kazi hizi mbili zilichanganyikana tangu mwanzo, na hapo ndipo penye kiini cha ugumu wote uliofuata. Siasa ilipoanguka, watu wengi waliona kwamba maombolezo nayo yaanguke.

Mji wa wafu unaoutazama mji wa walio hai

Makaburi ya Mostar yalichorwa na Bogdan Bogdanović, mtaalamu wa ujenzi aliyezaliwa Belgrade mwaka 1922. Yeye mwenyewe alikuwa Mpartizani na alijeruhiwa vitani. Ndiye pia aliyejenga ua kubwa la beto pale Jasenovac, kwenye kambi ambapo Waustasha waliua maelfu kwa maelfu ya watu. Kazi ya Mostar ilimalizika mwaka 1965, na Tito mwenyewe alikuja kuifungua mwezi wa Septemba mwaka huo.

Mtu anayefika pale akitegemea kuona sanamu ya askari mwenye bunduki hataiona. Mahali penyewe ni mteremko wa kilima upande wa magharibi wa mji. Njia iliyotandikwa mawe madogo inapanda ikizunguka kati ya kuta, kama njia za mji wa zamani, mpaka kwenye matuta ya juu. Maji yalipangwa yatiririke kutoka juu mpaka chini. Bogdanović alitaka wafu wawe na mji wao, unaofanana na mji wa walio hai walioutoka, na miji hiyo miwili itazamane.

Kwenye matuta kulilazwa mamia ya mawe yenye majina. Hayakukatwa kama misalaba wala kama mawe ya kaburi ya Kiislamu. Yalikuwa na umbo lisilo la kawaida, na mengine yalionekana kama kipande cha shina la mti lililokatwa. Juu ya kila jiwe kulikuwa na jina la mtu na miaka yake. Hapakuwa na cheo wala dini. Ofisa hakuwekwa juu ya askari wa kawaida. Kwa jina tu, mkaaji wa Mostar aliweza kujua huyu alitoka familia ya Kiislamu, yule ya Kikatoliki, yule ya Kiortodoksi au ya Kiyahudi. Lakini mawe yenyewe hayakuwatenganisha.

Miaka iliyoandikwa ilionyesha kwamba wengi walikuwa vijana. Kwa mama aliyekuwa akipanda pale na maua, hapakuwa mahali pa siasa. Palikuwa mahali pa mtoto wake, na mara nyingi jiwe hilo ndilo peke yake alilokuwa nalo, kwa maana wengi walikufa mbali, milimani, bila kaburi linalojulikana.

Jinsi ukumbusho unavyokufa

Tito alikufa mwaka 1980. Kuanzia 1991 Yugoslavia ilivunjika kwa vita. Mostar iliteseka sana kati ya 1992 na 1995, kwanza kwa mapigano na jeshi la Yugoslavia na Waserbia, halafu kati ya Wakroatia na Wabosnia Waislamu waliokuwa wakikaa mitaa ileile. Tarehe 9 Novemba 1993 mizinga ya Wakroatia iliangusha daraja la mawe lililokuwa fahari ya mji tangu karne ya 16. Mji ulibaki nusu mbili: Wakroatia magharibi, Wabosnia mashariki. Makaburi ya Wapartizani yakajikuta upande wa magharibi, mahali ambapo wengi hawakutaka tena kusikia habari za Yugoslavia. Yaliharibiwa wakati wa vita, na hata baada ya vita uharibifu uliendelea.

Tukitazama Mostar na sehemu nyingine za Yugoslavia ya zamani, tunaona njia nne ambazo ukumbusho hufa.

Njia ya kwanza ni kukosa mwenyewe. Zamani serikali ililipa mlinzi, mkata majani na fundi wa maji. Serikali ilipoanguka, mishahara ilikatika, na hakuna aliyejua tena ufunguo uko kwa nani. Mostar ilikuwa na shida ya pekee: kwa sababu ya ugomvi wa vyama juu ya namna ya kupiga kura, mji haukuwa na uchaguzi wa baraza lake kuanzia 2008 mpaka Desemba 2020. Ikiwa takataka za sokoni zilikuwa tatizo, ni nani angeshughulikia makaburi?

Njia ya pili ni chuki ya makusudi. Viongozi wapya walihitaji mashujaa wapya, na wale wa zamani waliwasumbua. Katika Kroatia peke yake, karibu kumbukumbu 3,000 za vita dhidi ya ufashisti ziliharibiwa au kuondolewa kati ya 1990 na 2000. Pale Kamenska palikuwa na mnara wa chuma king'aacho, wa urefu wa mita 30 hivi, kazi ya msanii Vojin Bakić. Mwaka 1992 ulilipuliwa kwa baruti.

Njia ya tatu ni umaskini. Msanii huyohuyo alichora jengo kubwa la ukumbusho juu ya mlima Petrova Gora, lililofunguliwa mwaka 1981. Halikulipuliwa. Watu walilivua tu nguo, bamba moja baada ya jingine, kwa sababu chuma kisichoshika kutu kina bei. Sisi tunaoishi mahali ambapo nyaya za umeme na mabati ya shule huibwa usiku tunaelewa vizuri jambo hilo.

Njia ya nne haina kelele: ni maji na mizizi. Mfereji ukiziba, maji huingia nyuma ya ukuta na kuusukuma. Mbegu ndogo ikiota katika ufa, miaka kumi baadaye mzizi wake una nguvu ya kuinua jiwe. Kwa hiyo hata pasipokuwa na adui, ukumbusho usiotembelewa huvunjika wenyewe.

Mostar ilizipitia karibu njia zote hizo. Halafu, usiku mmoja wa Juni 2022, watu waliingia makaburini na kuvunja karibu mawe yote yenye majina. Haikuwa kazi ya mlevi mmoja aliyepita na rungu. Mawe yalikuwa mazito, na yalikuwa mamia.

Kile ambacho wakaaji wamefanya

Wapo waliouliza: baada ya usiku ule, ni nini kilichobaki cha kuokoa? Jibu linaonekana tukitazama kazi iliyokuwa ikifanyika kabla na iliyoendelea baadaye.

Kwanza, kuna watu ambao hawakuacha kwenda. Kila mwaka, tarehe 14 Februari, siku ambayo Wapartizani waliingia Mostar mwaka 1945, chama cha wapiganaji wa zamani pamoja na watoto na wajukuu wao hupanda na maua. Miaka mingine wametukanwa na kutupiwa vitu njiani. Wamepanda hata hivyo. Mahali panapotembelewa hata mara moja kwa mwaka bado pana wenyewe.

Pili, kuna mikono. Wakaaji wa kujitolea, vijana kwa wazee, wamekuwa wakikusanyika kukata majani, kuzoa chupa na takataka na kufuta maandishi ya chuki ukutani. Sisi Wakongo tungeiita salongo, ingawa hakuna burugumesta aliyewaamuru. Katika mji huo hata mpira wa miguu una kumbukumbu hii. Klabu ya Velež, iliyoanzishwa mwaka 1922, ilipoteza wachezaji na wanachama wengi katika vita vile, kwa hiyo kwa wafuasi wake majina ya makaburini ni majina ya nyumbani.

Tatu, kuna karatasi. Mwaka 2006 tume ya nchi inayohusika na mali za kumbukumbu iliyatangaza makaburi haya kuwa ukumbusho wa taifa. Karatasi haizuii nyundo, na jambo hilo lilionekana wazi mwaka 2022. Lakini bila karatasi mtu angeweza kuja kesho na mpango wa kujenga maduka pale, na hakuna ambaye angekuwa na neno la kumjibu mbele ya sheria. Tena karatasi hiyo ina maelezo na michoro ya jinsi mahali palivyokuwa, na fundi wa kesho ataihitaji.

Nne, kuna orodha na picha. Mawe yalipovunjwa, majina hayakuvunjika pamoja nayo, kwa sababu yalikuwa yameandikwa na kupigwa picha. Jiwe jipya linaweza kukatwa. Jina lililosahauliwa halikatwi tena na mtu yeyote.

Kuna somo jingine, la uchungu. Mwaka 2005, miaka kumi baada ya vita, makaburi yalikuwa yamekarabatiwa kwa msaada wa pesa za kigeni. Ilikuwa kazi nzuri, lakini baada ya sherehe hapakuwa na ulinzi wala utunzaji wa kila siku, na uharibifu ulirudi. Sisi pia tumeona visima, zahanati na madarasa yaliyojengwa kwa mradi wa miezi sita, yakafa siku mfadhili alipoondoka. Ukarabati unahitaji pesa, lakini kinachoulinda baadaye ni watu wanaokaa karibu.

Na bado usiku ule wa Juni haukupita bure. Wengi waliokuwa wamenyamaza waliona haya. Mwezi uliofuata baraza la mji lilipiga kura kubadili majina ya barabara zilizokuwa zimepewa watu wa utawala wa Waustasha. Tangu vita vya miaka ya 1990 watu walikuwa wakiomba jambo hilo bila kusikilizwa.

Swali gumu kwa watu wa kanisa

Hatuwezi kuwaeleza habari hii nusu. Katika Mostar kuna Wakristo ambao hawapandi kilima kile, na wana sababu.

Tarehe ileile ya 14 Februari 1945, Wapartizani walipoingia mjini, waliwachukua watawa saba wa Kifransisko kutoka nyumba yao, pamoja na mkuu wao Leo Petrović, na kuwaua. Katika vita na baada yake, Wafransisko 66 wa Herzegovina waliuawa. Serikali ya kikomunisti iliyofuata iliwafunga mapadri na kuyabana makanisa kwa miaka mingi, na habari za watawa hao hazikuruhusiwa kusemwa waziwazi. Kwa hiyo siku moja ina nyuso mbili. Kwa familia moja ni siku mji ulipowekwa huru kutoka kwa washirika wa Hitler. Kwa familia nyingine ni siku ya kuwalilia watu wa Mungu waliouawa bila hukumu.

Je, mtu wa kanisa anaweza kutunza makaburi ya watu ambao wenzao waliwaua watawa? Tumelifikiri swali hili, na tunaona kwamba anaweza, akishika mambo matatu.

La kwanza: kutunza jina la mfu si kutia sahihi chini ya siasa ya chama chake. Kijana wa miaka 19 aliyekufa mlimani mwaka 1943 hakumuua mtawa wa mwaka 1945. Tukimhukumu kwa sababu ya bendera aliyozikwa nayo, tunafanya kama wale wanaomhukumu mtu kwa sababu ya kabila lake. Sisi tumekwisha kuona matunda ya hesabu hiyo.

La pili: ukweli wote usemwe. Kosa la serikali ya Tito halikuwa kuwaandika Wapartizani kwenye mawe. Kosa lilikuwa kuwakataza wengine wasiandike wafu wao. Basi dawa ni kuongeza majina, si kuyafuta yale yaliyopo. Ukivunja kaburi la huyu ili kumheshimu yule, umemfundisha adui yako la kufanya siku zamu yake itakapofika.

La tatu: mtu atofautishe kaburi na kiti cha enzi. Sanamu ya mtawala aliyejisimamisha mwenyewe sokoni inaweza kuondolewa kwa uamuzi wa watu, bila dhambi. Jiwe lenye jina la marehemu ni kitu kingine. Mostar ilijengewa mahali pa majina ya watoto wake, na kile ambacho nyundo zilivunja mwaka 2022 kilikuwa majina hayo hasa.

Tuongeze kwamba Bogdanović mwenyewe hakuwa mtumwa wa siasa. Alikuwa meya wa Belgrade kuanzia 1982 mpaka 1986, lakini moto wa ukabila ulipoanza kuwaka alimpinga Slobodan Milošević waziwazi. Mwaka 1993 ilimbidi aondoke nchini, akaishi Vienna mpaka alipokufa mwaka 2010. Aliishi miaka ya kutosha kusikia kazi za mikono yake zikiharibiwa na watu waliochagua kile alichokikataa.

Tunakumbuka pia yale mawe kumi na mawili ambayo Yoshua aliamuru yatolewe katikati ya Yordani. Katika habari ile mawe hayasemi yenyewe. Yanangoja mtoto aulize maana yake, na mzazi ajibu. Ukumbusho ambao hakuna mtoto anayeuliza juu yake umeanza kufa, hata kama haujavunjwa. Na mzazi anayejibu kwa uongo anauua mara ya pili.

Mambo ambayo parokia inaweza kufanya

Kutokana na kazi ya Mostar, na kutokana na yale ambayo mafundi wa kutunza mawe ya zamani wanakubaliana, tunatoa mashauri haya kwa komite za parokia zetu.

1. Anzeni na majina. Kabla ya panga na jembe, chukueni daftari. Andikeni kila jina linalosomeka, pamoja na miaka. Halafu ketini na wazee na kuuliza juu ya yale yasiyosomeka. Fanyeni nakala tatu na kuziweka mahali patatu tofauti, kwa maana nyumba moja inaweza kuungua.

2. Pigeni picha kabla ya kugusa. Simu inatosha. Asubuhi na jioni ni saa nzuri, kwa sababu jua la pembeni hufanya herufi zilizochakaa zionekane. Pigeni picha ya jiwe moja moja, halafu ya mahali pote.

3. Tafuteni wenyewe. Familia, chefu wa mtaa, kanisa jingine lenye wafu pale: wote waulizwe. Kazi nzuri inayofanywa bila ruhusa huzaa kesi.

4. Osheni taratibu. Maji safi na brosi laini vinatosha mara nyingi. Brosi ya waya, asidi na maji ya javeli hufanya jiwe liwe jeupe siku ile, lakini hula uso wake, na miaka michache baadaye herufi hazipo tena.

5. Zibueni mifereji. Maji yanayosimama ni adui mkubwa kuliko majani. Mti mdogo ulioota katika ukuta ukatwe chini, usivutwe kwa nguvu, kwa sababu mzizi utatoka na mawe.

6. Msizibe kila ufa kwa simenti. Simenti ni ngumu kuliko mawe mengi laini na hufungia maji ndani. Ukuta wa zamani uliojengwa kwa chokaa utengenezwe kwa chokaa. Fundi asiyejua aache kwanza.

7. Vipande vilivyovunjika visitupwe. Viwekwe mahali pamoja, palipofungwa, vikiwa na namba. Kipande chenye herufi tatu kinaweza kurudisha jina zima.

8. Wekeni siku kwenye kalenda. Salongo moja kabla ya mvua na moja baada ya mvua ni bora kuliko kazi kubwa moja kila miaka kumi. Vijana wa kwaya, mama wa ushirika na wanafunzi wa shule wapewe kila kundi sehemu yake.

9. Aliyetunza aeleze. Siku ya kazi mtu mmoja asimame na kusoma majina kwa sauti, na kusema kweli jinsi watu hao walivyokufa, bila kuchochea kisasi.

Yanayotungoja hapa kwetu

Sisi wa mashariki ya Kongo hatuhitaji kwenda mbali kutafuta makaburi ya namna hii. Katika miaka ya 1964 na 1965, wakati wa uasi wa Wasimba, Wakristo wengi wa kawaida, wachungaji, mapadri na wamisionari waliuawa. Waliuawa pia raia wasio na hatia mikononi mwa askari waliokuja kuuzima uasi huo. Tangu 1996 vita vimefuatana, na kila kimoja kimeacha wafu wake, wengine katika mashimo ya pamoja bila msalaba wala kibao. Wazee walioshuhudia yale ya 1964 sasa wamepita miaka sabini. Kila mwaka tunawazika wachache, na majina wanayoyajua yanakwenda pamoja nao.

Tena swali la Mostar liko kwetu vilevile: wafu wa nani? Ni rahisi kuwaandika wa kabila letu na wa kanisa letu. Kazi itaonekana kuwa ya Injili siku komite ya parokia itakapoandika katika daftari lilelile jina la jirani wa upande mwingine, aliyekufa mwaka uleule, na kumwalika mtoto wake aje kulisoma.

Tunaomba kila parokia ya mtandao wetu ifanye jambo moja kabla ya mwisho wa mwaka huu: ichague watu watatu, mmoja awe mzee, mmoja mama, mmoja kijana anayejua kuandika vizuri. Wapewe daftari na kalamu, waende makaburini, na waketi na wazee wa kartie. Kuta na mawe vitafuata kadiri Mungu atakavyotujalia.

Mungu awabariki katika kazi hiyo.